Mia Mbili Kasoro Ndege Mmoja

...mia mbili, nimemwambia mia mbili, na bado kalamu yake nyekundu inaelea juu ya daftari langu kama mwewe anayechagua kifaranga, Katibu wetu wa chama cha watazama ndege, mwalimu wa hesabu mstaafu, miwani kwenye ncha ya pua, kola imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate, "mia moja tisini na tisa, Fundi, sheria ni sheria, ndege wa kusikika tu lazima asikike kwa masikio ya mwanachama mwenyewe, na masikio yako, uniwie radhi, cheti hiki hapa," cheti! cheti nilichomletea mimi kwa mkono wangu, hakuna aliyekiomba, niliingia wiki iliyopita nikakiweka juu ya meza hii hii nikasema Katibu, sikio langu la kulia limekufa nusu, ijulikane, mimi sina cha kuficha, na leo ndiyo fimbo anayonichapia, "si utuambie nani basi alimsikia huyo ndege, mimi?" nasema, na sauti imeshanipanda, najua imepanda kwa sababu amejivuta nyuma na kiti chake, "Fundi, usinifokee, mimi si cherehani iliyokwama," na kule kwenye kiti cha mlangoni shemeji yangu anacheka kile kicheko chake cha puani, kaka wa mke wangu huyo, aliyeendesha malori miaka thelathini na moja na sasa kazi yake ni kunisindikiza mimi nisianguke, "shemeji, mia moja tisini na tisa ni nyingi, mimi hata meno sina mengi hivyo," anasema, nyamaza wewe, namjibu, hujui kinachoendelea, lakini anajua, anajua kila kitu, ubao ule ukutani anauona, ule wenye majina ya waliofikisha ndege mia mbili ndani ya mwaka mmoja, majina kumi na manne kwa rangi ya dhahabu, madaktari wanne, wahandisi, jaji mmoja, mke wa jaji, hakuna fundi wa kutengeneza cherehani hata wa dawa, na mchora mabango yuko uani sasa hivi anakoroga rangi kwenye kopo, nasikia kijiti kinavyogonga bati, nasikia vizuri kabisa, sikio la kushoto lina afya kuliko la Katibu, na jina la kumi na tano ni langu, lipo kwenye karatasi mfukoni mwa yule mtu, Katibu mwenyewe alilipeleka jana, kisha leo asubuhi ndipo akaona ndege namba mia mbili ana alama ya kusikika...

Chupa, tunamwita Chupa, kwa sababu ukitaka kulia kama yeye lazima upulize mdomo wa chupa tupu, vuuum, kisha kimya, kisha vuuum, ndege mkubwa wa matetenini asiyeonekana na mtu, ana rangi ya tete, anasimama kama tete, ukimkanyaga ndipo utajua si tete, na mimi nilisimama kwenye maji mpaka kiunoni tangu alfajiri mpaka jua likanichoma shingo, shemeji yuko ukingoni na chupa ya chai anapiga kelele "toka humo, dada yangu ataniua mimi, si wewe," na kwa saa nne sikusikia kitu ila vyura na tumbo langu, halafu akaja, vuuum, si masikioni tu, kifuani, mbavu zilitetemeka, nilisimama pale nikilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na jioni homa, na siku ya tatu nimonia, siku kumi na moja za wodi, kitanda cha dirishani, sindano asubuhi sindano jioni, muuguzi mnene mwenye mikono ya baridi akiniuliza "baba, ulikuwa unatafuta nini kwenye maji?" nikamwambia ndege, "ulimpata?" nilimsikia, "yaani hukumwona?" nikamgeuzia ubavu, hawa watu wa kuuliza kama umeona, kama kuona ndiko kuishi, na sasa Katibu anataka kumfuta kwa mstari mmoja wa wino, siku kumi na moja zangu, mbavu zangu... hapana, hapana, mwaka huu sikuuombea huruma kwa mtu, nimepanda treni ya mizigo, nimelala kwenye lori la simenti nikaamka mweupe kama pepo, nimekaa siku nne kwenye mabwawa ya majitaka nyuma ya kiwanda, ambako ndege wazuri wote huenda kwa sababu ndege hawana majivuno, nimepanda mlima mpaka msitu wa juu goti likiwa limevimba kama boga, na vyote hivyo nimejifundisha mwenyewe, kutoka kitabu kisicho na jalada ambacho mteja alikuwa akikichana karatasi za kunifungia vifungo, kurasa mia na ishirini za mwanzo zimechanwa, nikajifunza ndege kuanzia katikati, jaji alinicheka chamani kwa hilo, alicheka mpaka nilipomwonyesha kwamba huyo aliyemwandika mbayuwayu ni ndege mwingine kabisa...

"Fundi, unanisikia?" nakusikia, Katibu, hiyo ndiyo hoja yangu tangu asubuhi, nakusikia, "nipe hicho cheti," nasema, nakinyang'anya, nakigeuza kimwelekee, hapa, hapa kwenye mchoro, wewe si mwalimu wa hesabu, soma, na ninakumbuka lile sanduku la hospitali, chumba kidogo kama kabati, mlango mzito, vile vitu vya kuvaa masikioni, bonyeza ukisikia mlio, baba, nikabonyeza, nikabonyeza, milio mizito yote nikabonyeza kama napiga chapa, halafu milio ikaanza kuwa myembamba, myembamba zaidi, halafu kimya, nikakaa na kidole juu ya kitufe nikingoja, nikafikiri mashine yao imeharibika, nikataka kuwaambia niitengeneze, nikatazama kupitia kioo nikamwona daktari anaandika, anaandika, mdomo umefungwa, na nikajua si mashine, mimi niliyesikia sindano ya cherehani inagusa sahani ya chuma chini yake kwa unene wa unywele nikiwa chumba cha pili, mimi niliyekuwa nawaambia wateja usinieleze, shona tu nisikie... "tazama mstari wa sikio la kulia," namwambia Katibu, "huku kushoto kwa mchoro ni sauti nene, mstari umelala kama meza, umeona? unakwenda, unakwenda, halafu huku kwa sauti nyembamba ndipo unaporomoka, sasa Chupa ana sauti nene kuliko ndege wote waliomo kwenye daftari hili, huyo namsikia hata kwa sikio bovu, seuze la kushoto, kile nisichoweza kusikia ni ndege wa sauti nyembamba kabisa, hapo hata la kushoto limeziba," na Katibu anainama, anasukuma miwani, kidole chake kinatambaa juu ya mstari, nimempata, mwalimu wa hesabu nimemfundisha mchoro, na shemeji ameacha kucheka...

ameacha kucheka, kwa nini ameacha, alikuwa anacheka sasa hivi, nageuka namwona anatazama kiatu chake, ndege wa sauti nyembamba, nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu, namba mia moja arobaini na tatu, ukurasa wa saba, ameonekana, tarehe, saa, msitu wa juu, shahidi shemeji... Sindano, ndege wa ukubwa wa kidole gumba, anaitwa hivyo kwa mlio wake, mlio kama ncha inayopita juu ya kioo, na ilikuwa mwezi wa tano, kabla ya hospitali, kizunguzungu kilikuwa kimeanza lakini nilisema ni njaa, tumekaa juu ya gogo tukimngoja, shemeji akanigusa bega, "huyo hapo, anapiga kelele juu ya kichwa chako, mbona ana fujo hivi na hana hata mwili," na mimi nikainua uso, kimya, majani, kimya, "yuko wapi?" "hapo, hapo kwenye kitawi, anakutukana shemeji, husikii?" na kitawi kikatikisika, kitawi kitupu, nilichoona ni kitawi kinatikisika baada ya kitu kuondoka, na mtu asiye na habari na ndege, mtu anayewaita wote kuku wa porini, anasikia, na mimi sisikii, nikasema "nimemwona," akanitazama, "umemwona?" "nimemwona, macho yangu si ya kuazima," akanitazama tena kidogo, akafungua chupa ya chai, akanimiminia kwanza mimi, akasema "haya," basi, haya, na mkono wangu ukaandika ameonekana, mwandiko mzuri kabisa, haukutetemeka hata herufi moja, na tangu mwezi wa tano hajasema neno, kwenye lori hakusema, kando ya kitanda changu cha wodi siku kumi na moja akinimenyea machungwa hakusema, yeye anayenitania kwa kila kitu, kwa goti, kwa simenti, kwa kulia matetenini, hilo hajalitania hata siku moja, na mtu asipokutania kwa jambo...

"Sawa," anasema Katibu, polepole, kalamu bado hewani, "mchoro nauona, naanza kukuelewa, basi kwa haki nipitie tena hao wenye sauti nyembamba, au wote hao uliwaona kwa macho?" na uani kijiti kimeacha kugonga kopo, rangi iko tayari, neno moja tu, wote kwa macho, neno dogo, anaamini, tayari anaamini, maana mimi ndiye niliyeleta cheti mwenyewe, nani atamshuku mtu aliyeleta cheti mwenyewe, mia mbili, dhahabu, chini ya mke wa jaji, mke wangu angepita kila Jumamosi kulitazama jina langu, na shemeji pale mlangoni asingesema kitu, angesema haya, angekufa na haya yake tumboni... na ajabu ni kwamba hasira imenitoka, nilikuja hapa nimeibeba kama gunia na sasa mabega ni mepesi, natazama ubao na ni ubao tu, mbao na misumari, jina la kumi na mbili limekosewa herufi na hakuna aliyewahi kuona, lakini vuuum ile iko hapa, chini ya vifungo vya shati, hiyo sikuazima kwa mtu, na kama nitamlinda Chupa kwa mdomo ule ule unaomficha Sindano basi naye atakuwa wa uongo, wote watakuwa, mia mbili wote...

"Katibu," nasema, na sasa sauti yangu iko chini kabisa, mpaka anainamisha sikio yeye, "fungua ukurasa wa saba, mia moja arobaini na tatu, mfute, sikumwona wala sikumsikia, nilimwandika uongo, aliyemwona ni huyu hapa mlangoni," na nyuma yangu kiti kinalia, "we shemeji, mimi nani aliniuliza?" na Katibu amefungua mdomo, anahesabu, namwona anavyohesabu, "lakini Fundi, hiyo ni mia moja tisini na tisa vilevile," najua, mwambie mchora mabango afunge kopo lake, najua hesabu, lakini hiyo kalamu bado iko juu ya mstari usio wake, iondoe hapo. Chupa ni wangu. Nirudishie ndege wangu.