Ukurasa wa Mia Mbili na Tatu

Katika mtaa wote wa Tassia, Shosho Kezia alikuwa akiwaambia watu, hakuna anayesoma kwa sauti kumshinda yeye. Kisha, kabla hujafungua mdomo kumpinga, anajipunguza mwenyewe: "Basi, tuseme katika jengo hili. Haya, ghorofa ya nne. Na hapo pia iwe mchana, wenye shule wakiwa kazini."

Yeye aliishia darasa la saba, na hilo la saba alilirudia, jambo alilolisimulia kama mtu aliyependa chakula akaongezewa sahani.

Kazi ya kusoma ilimwangukia hivi. Ghorofa ya tatu aliishi Lela, mshonaji wa mabuibui, na binti yake Hikma wa gredi ya tano. Hikma alikuwa na akili za kukuuzia maji ya mvua wewe umesimama mvuani, lakini ukimwekea kitabu mbele, herufi humtawanyikia kama kuku walioona kisu. Darasani walimcheka wakamwita mzito, mpaka alipokuja Mwalimu Mbaluka akasema mtoto huyu hana uzito wowote, ni macho yake na herufi tu ambazo hazijapatana. Masikio yake ni mazima, basi kitabu kipitie huko. Vitabu vingine vilikuwa vimeshatengenezwa vya kusikiliza, lakini cha Kiswahili cha darasa lake kilikuwa bado. Akatafutwa mtu mwenye macho, sauti na nafasi. Macho Shosho Kezia alikuwa nayo nusu. Nafasi alikuwa nayo mpaka inamwagika.

Mwalimu akamletea nakala kuukuu na masharti yake. Kila ukurasa autaje namba kabla ya kuusoma, ili Hikma afungue pamoja na wenzake darasani. Kila picha aieleze, maana picha haisikiki. Na asiongeze neno lake. Masharti mawili ya mwanzo aliyashika kama amri za kanisani. Hilo la tatu, alisema, mwalimu alilitaja akiwa ameshafika kwenye ngazi.

Kwa hiyo ukurasa wa kumi na mbili, penye picha ya soko, Hikma alisikia kwamba kuna mama anauza nyanya, amevaa kitambaa chekundu, "na ile mizani yake naiona imeinama upande wa mwenye nyanya." Lela alicheka hadi akashona mkono wa buibui kwenye shingo.

Shosho alirekodi saa nne asubuhi, wakati fundi wa milango ya vyuma pale chini anapoacha kuchomelea akaenda kunywa chai. Alijifunika blanketi gubigubi, yeye, simu, kitabu na tochi, akasoma huku jasho likimtiririka mgongoni. Mara ya kwanza sauti ilitoka imekwaruza kama bawaba yenye kutu. Alidhani ni mafua. Halafu akahesabu siku, akaona leo ni Alhamisi, na mtu wa mwisho kusema naye ni yule mama aliyempa mkono kanisani Jumapili. Mume wake Gitonga alikuwa amelala kaburini mwaka wa tisa. Mwanawe Muriuki alikuwa Eldoret, mzima wa afya, anapiga simu Krismasi.

Akimaliza ukurasa, aliusikiliza kuhakikisha. Ikawa mazoea, halafu ikawa zaidi ya mazoea. Alipika ugali wake sauti ikiendelea kusema pale mezani. Siku moja alijikuta akiijibu, "Eh, kweli kabisa," akageuka haraka kuona kama kuna aliyemsikia. Hakukuwa na mtu wa kumcheka, na hilo ndilo lililomuuma.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku. Hikma alipanda na memori kadi aliyoichomoa kwenye karedio kake ka kusikilizia kitabu, akavua viatu mlangoni, akasema shikamoo, naye Shosho akajibu marahaba kwa madaha ya mtu aliyejifunza neno hilo uzeeni. Kadi ilihitaji dakika mbili kujazwa. Shosho aliijaza kwa saa nzima, akidai simu yake na yeye walizaliwa mwaka mmoja. Katikati ya hiyo saa kulikuwa na chai ya tangawizi, mandazi, na umbea wote wa gredi ya tano.

Basi Jumatano moja kitabu kikaisha. Ukurasa wa mia moja sitini na nane ulikuwa na picha ya watoto wanapunga mikono. "Wanaenda zao," Shosho aliambia simu, akaizima. Alikaa chini ya blanketi mpaka fundi akarudi kwenye vyuma vyake.

Jumamosi Hikma aliuliza kimebaki kiasi gani. Shosho alikuwa anamimina chai, kikombe cha pili kiko nusu. Akasema bado kiko kingi.

Alijua hatashikwa. Yule mtoto na kitabu ni paka na maji. Nakala yake ilikaa kwenye mkoba kama mgeni asiyekaribishwa. Jumatatu Shosho akajifunika, akafungua ukurasa wa mwisho ili mikono iwe na cha kushika, akasema kwa sauti ya kitabu: "Ukurasa wa mia moja sitini na tisa. Ufahamu. Mzee Chege."

Mzee Chege alifanya kazi ghala la sabuni Industrial Area, akarudi nyumbani kwa miguu, nguo zake zikinuka usafi ambao mwenyewe hana maji ya kuupata. Mzee Chege alikuwa Gitonga mtupu. Wiki hadi wiki akamwoza, akampa mwana, akamjengea choo, akamuua, akamwacha mjane wake kwenye chumba cha ghorofa ya nne. Na kwa kuwa kitabu ni kitabu, kila ukurasa aliutaja namba, na kila habari akaifungia kwa maswali. Kufikia ukurasa wa mia mbili na tatu maswali yalikuwa haya: "Moja. Mjane wa Mzee Chege anapika chakula cha watu wangapi? Mbili. Kinachobaki anampa nani? Tatu. Unadhani kwa nini mwanawe hapigi simu?"

Alilisikiliza hilo la tatu, akanyoosha kidole kulifuta, akaliacha.

Jumamosi iliyofuata Hikma alichelewa. Chai ilishapata ngozi juu alipobisha. Alisema shikamoo, lakini alibaki mlangoni na viatu vyake miguuni, mkoba begani.

"Ingia, chai inapoa," Shosho akasema.

"Mwalimu alikuwa hayupo jana. Yule wa zamu akatuuliza kila mtu habari anayoipenda kitabuni." Hikma aliongea akitazama sakafu. "Nikasema Mzee Chege. Ukurasa wa mia mbili na tatu."

"Vizuri. Ni habari nzuri."

"Walinicheka, Shosho. Wakasema hata kuhesabu sijui."

Shosho Kezia alikishika kikombe, akakizungusha, akakirudisha palepale. Angeweza kusema wakati huo. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Vitabu vyao vimechanika huko mwisho," akasema. "Vitabu vya shule unavijua."

"Vyote arobaini?"

"Watoto wa siku hizi, mama, wanakula karatasi."

Hikma hakucheka. Akafungua mkoba, akatoa kitabu chake, kipya kama siku kiliponunuliwa, akakigeuza nyuma mbele, akaweka kidole chini ya ukurasa wa mwisho. Herufi humkimbia, lakini namba hazijawahi kumkimbia, na Shosho, katika hesabu zake zote, hilo hakulihesabu.

"Moja, sita, nane," Hikma akasema. "Halafu ni jalada."

"Hicho pia kimechanika. Changu ndicho kizima."

Nakala kuukuu ilikuwa kitandani, juu ya blanketi, uzi mwekundu ukining'inia pale anapokomea kila siku. Hikma aliupita mkeka na viatu vyake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaichukua, akaifungua penye uzi. Uzi ulikuwa kwenye watoto wanaopunga mikono. Moja, sita, nane. Karatasi hiyo ilikuwa imelainika na kufubaa kwa vidole vya majuma saba.

Akamgeuzia Shosho aone.

"Na hiki?"

Shosho Kezia aliinama karibu, akavaa miwani, akaitazama namba ile kwa muda mrefu kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

"Ala," akasema. "Kumbe na chenyewe kimechanika."