Msemaji wa Miguu Mirefu

Kwa miaka sita Mama Séraphine alimfahamu korongo wa mto Lukuga kuliko alivyowafahamu majirani zake, na alimheshimu kuwapita pia. Ndege mwenye kimo cha mtoto wa shule, shingo rangi ya matofali, hana haraka na mtu. Alikuwa akisimama majini saa nzima, akachoma mara moja, akala samaki mmoja mnene, kazi ya siku ikaisha.

Ndiyo maana siku hiyo hasira ilimpanda Séraphine maradufu. Alikuwa amemtoboa kuhe, samaki mkubwa wa ziwa, akampitisha kamba kwenye matamvua na kumwacha hai pembeni mwa maji ili wageni wamkute mbichi. Sasa kuhe huyo alikuwa anaondoka mdomoni mwa korongo, kamba ikining'inia. Na aliyemwandalia korongo meza ni nani? Ni yeye mwenyewe.

Saa nane wangefika watu kutoka upande wa Fizi kumposa Carine, binti yake wa pekee. Pascal, kaka yake Séraphine, ndiye angejibu, lakini jibu lilitoka kwa Séraphine, na bado hakuwa nalo. Kijana mwenyewe, Exaucé, Séraphine hakumjua. Kwa desturi yao mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemeshani, kwa hiyo asingemjua hata baada ya kumpa mtoto wake. Naye aliogopa. Baba yake Carine aliaga anakwenda Kabalo siku tatu, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na tisa.

Alikaza kitenge, akaingia kwenye matete. Alijua pa kumkuta mwizi, maana korongo hammezi samaki mkubwa papo hapo. Humlaza kwanza juu ya majani yanayoelea, akapumzika. Alimkuta kweli. Lakini upande wa pili wa ndege alikuwapo kijana mwenye kravati, suruali ameikunja hadi magotini, anamnyemelea kuhe yuleyule. Alipomwona Séraphine aligeuka upesi, akampa mgongo na kuinamisha kichwa.

Adabu ya namna hiyo ni ya mkwe tu. Séraphine naye akageuka. Wakabaki wamepeana migongo kwenye tope, korongo katikati, na hakuna aliyejua nani aanze kuondoka. Posa bila msemaji haisemwi. Séraphine akaona kumbe msemaji yupo.

"Papa Korongo," aliita, "umuulize huyo muntu anatafuta nini humu."

Ndege alinyamaza, kama msemaji anayeijua kazi yake.

"Papa Korongo," sauti ya kijana ikajibu, "umwambie Mama niliona samaki ya muntu inapita na kamba. Nikasema niirudishe."

"Basi umuulize tena. Wewe na muke wako munalalia mayai kwa zamu. Mumoja akienda kutafuta, mwenzake anabaki. Yeye ataweza kubaki?"

Séraphine akajuta kuuliza.

"Umwambie Mama kwamba papa yangu alivuka ziwa, hakurudi. Mimi ndiyo ule mutoto aliyekuwa anamungojea pale bandarini. Carine hatamutuma mutoto kuningojea."

Séraphine akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Hapo furukombe, tai mla samaki, akateremka kutoka juu, akamnyakua kuhe na kamba yake, akaenda zake. Korongo akabweka mara moja kama mbwa mzee, kisha akarudi majini kusimama upya. Nyuma yake Séraphine alimsikia kijana akijizuia kucheka, akashindwa. Naye akashindwa.

Saa nane wageni walikula bukari, ugali wa kwao, kwa ndagala, dagaa wa ziwani, na hakuna aliyeambiwa habari ya kuhe. Exaucé alikaa ameinama, tope limemkaukia kwenye visigino. Mazungumzo yalipoiva, Pascal alikwenda kwenye pazia alikojificha dada yake.

"Dada, tuwajibu nini? Huyu kijana unamujua?"

"Uso wake sijauona hata siku moja," alisema Séraphine. "Umupe mutoto."