Mama, Nasikia Baridi

Jua lilipohama ukuta wa nyuma, ndipo sauti ilipokuja. Kwanza mabati yalilia ta, ta, yakipoa, kisha kutoka chumba cha kutotoleshea vifaranga mtu akasema, taratibu, kwa deko kidogo:

"Mama, nasikia baridi."

Mama akaacha kisu juu ya vitunguu. "Naja, mwanangu," akaitika, akajifuta mikono, akachukua shali.

Kitinda, binti yake wa mwisho, alibaki jikoni akitazama kile kisu kikiyumba kwenye ukingo wa ubao mpaka kikatulia. Aliyeita ni dada yake. Na dada yake walikwishamzika, kabla mvua hazijakatika.

Si kwamba hawakujua sauti ilikotoka. Marehemu alikuwa na mikono iliyozijua mashine. Ndiye aliyeweka kompyuta ndogo kwenye rafu ya chumba kile, akaifungia kipimajoto na spika, akajirekodi sauti, ili mayai yakianza kupoa mama asikie akiwa jikoni na kuja kuwasha balbu za akiba. Enzi hizo walikuwa wakicheka. "Mashine yako inadeka kuliko wewe," mama alikuwa akimwambia. Sasa kwenye trei hakukuwa na yai hata moja. Mashine haikujua. Iliendelea kuita.

Kitinda aliwahi kuchomoa plagi. Jioni ile mama alikaa kizingitini mwa chumba, shali mapajani, akingoja. Giza lilipoingia hakula, uso umemshuka kama mtu aliyefiwa upya. Kitinda akairudisha plagi mwenyewe.

Mwanzoni mama aliingia na shali tu. Baadaye akaingia na blanketi, akaifunika mashine na kuketi pembeni yake. Halafu juma hili akaanza kuingia na jiko la mkaa. Anafunga mlango, anaziba dirisha kwa gunia joto lisitoroke, analala humo humo. Asubuhi moja Kitinda alimkuta ameegemea ukuta, midomo imepauka, kichwa kinamgonga, hajui leo ni siku gani.

Baba mdogo akaletewa habari, akaja.

"Shemeji, mkaa hauna urafiki na mtu aliyefunga mlango. Siku moja tutakufungua humo umekauka."

"Karibu chai," mama akasema.

"Sikuja kunywa chai. Jumamosi nakuja na nyundo. Hilo lidude nalivunja, tulale."

"Ukija na nyundo, njoo na jembe pia. Utalihitaji kwa ajili yangu."

Baba mdogo akamgeukia Kitinda kana kwamba yeye ndiye angemsaidia kucheka. Kitinda hakucheka. Alikuwa mtu wa kutazama. Shule aliishia ya msingi, kwa kuwa ada ilitosha ya dada tu. Tangu hapo alijifunza kwa kukaa mlangoni na kuangalia wengine wanavyofanya. Majirani walisema msichana yule ana macho ya paka, hata panya wanamwomba radhi. Alichokiona sasa ni hiki: nyundo ikija atampoteza mama, na isipokuja atampoteza vilevile.

Kesho yake akaenda kwa Mama Waya.

Mama Waya alikuwa fundi wa kompyuta mwenye chumba nyuma ya duka la fotokopi. Jina alilipata kwa sababu nyaya zilikuwa zikimning'inia shingoni kama shanga, na nusu ya wakati alikuwa akizitafuta. Alasiri alifundisha kuandika programu kwa yeyote aliyekuja na utulivu wake. Marehemu alifundishiwa hapo. Kitinda alikuwa amekwishahudhuria mara chache, akikaa nyuma karibu na mlango.

"Leo ni fanksheni," alisema Mama Waya. "Msitishwe na jina. Ni kazi uliyoipa jina. Unaeleza mara moja namna inavyofanywa, unaiacha hapo. Ukiihitaji, unaiita kwa jina lake, inafanya."

"Kama mke wangu anavyoniita mimi," alisema kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwanafunzi mwenye maneno kuliko wote.

"Tofauti ni kwamba hii ikiitwa inaitika."

Wakacheka. Mama Waya akaandika ubaoni jina la fanksheni, *nyoa*, na mbele yake mabano mawili, na katikati ya mabano neno *kichwa*.

"Mabanoni unaikabidhi cha kufanyia kazi. Kinyozi hanyoi hewa. Leo umempa kichwa cha mtoto, kesho cha babu. Kunyoa ni kule kule. Haya, andikeni."

Kinyozi akaandika kwa vidole viwili, jasho linamtoka. Akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi.

"Mwalimu, yangu imekufa."

Mama Waya akainama juu ya bega lake. "Haijafa. Umeieleza kunyoa, lakini hujaiita. Kuieleza si kuiita, mzee wangu. Usipoiita itakaa hapo hata uote mvi. Iko kimya. Kila kitu inakijua, na haifanyi lolote."

Kitinda alikuwa nyuma, karibu na mlango. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikiuliza:

"Na aliyeiandika akifa?"

Kinyozi akaangalia vidole vyake. Mama Waya aliushika waya mmoja wa shingoni, akauzungusha.

"Haina habari na aliyeiandika," akasema polepole. "Inamjua anayeiita tu."

"Basi kwetu anayeiita ni nani?"

"Niletee, mdogo wangu. Tuone."

Ijumaa Kitinda aliinakili programu ya dada yake kwenye flashi, akaibeba kiganjani njia nzima kama mtu aliyebeba jino. Wenzake walikuwa hawajafika. Mama Waya akaifungua, na mistari ikajipanga kiooni, mifupi, safi, ni dada mwenyewe. Hata majina ya fanksheni alikuwa ameyaandika kwa lugha ya nyumbani.

"Hii ya juu kaiita *baridi*. Ndani yake kasema: cheza ile sauti. Basi. Haiwezi kujiamsha. Sasa shuka chini, umtafute anayeiita. Kidole chako, si changu."

Kitinda akashuka na kidole. Alipita mstari, akarudi, akapita tena. Chini kabisa akauona. Programu ilikuwa inasoma kipimajoto, na joto likiwa chini ya nyuzi thelathini, ndipo jina *baridi* linatajwa.

"Ni chumba," alisema. "Chumba ndicho kinachoita."

"Na chumba kina nini?"

"Kimepoa." Hapo akaiona sababu. Jioni ya msiba, watu walikuwa wengi uani na hakukuwa na mwanga. Baba mdogo aliingia chumba cha vifaranga, akazichomoa balbu zote, akazitundika nje ili waombolezaji waonane nyuso. Baada ya maziko zilitiwa kwenye ndoo, ndoo ikasukumwa chini ya kitanda. Hakuna aliyezirudisha. Mchana mabati yaliweza kukipasha chumba kidogo; jua likiondoka, hakikuwa na chake.

Mama Waya akashusha pumzi. Kitinda alikuwa amekwisha kupandisha kidole tena, kwa sababu kulikuwa na kitu amekiruka.

"Na hii?"

Ilikuwa fanksheni ya pili. Jina lake *tosha*. Ilikabidhiwa joto mabanoni. Likifika thelathini na saba, icheze sauti nyingine. Kitinda akashuka kumtafuta anayeiita. Akafika mwisho wa mistari. Akaanza upya, safari hii akisogeza midomo.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo. Aliiandika, akajirekodi, hakuwahi kuiita. Labda alisema kesho." Mama Waya akamsogezea spika za masikioni. "Ijaribu. Ikabidhi thelathini na nane."

"Lakini hakuna joto."

"Haina macho, mdogo wangu. Ukiiambia thelathini na nane, itasadiki."

Kitinda akaandika jina, mabano, thelathini na nane ndani. Akabonyeza. Kwanza ilisikika pumzi, karibu kabisa na sikio, ya mtu anayejiandaa kusema. Halafu:

"Mama, joto limetosha. Nenda kalale."

Alizing'oa spika masikioni kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Pale mezani ziliendelea kunong'ona kidogo, kama mbu, kisha zikakatika.

Kwenye duka la mbele mashine ya fotokopi ilikuwa ikienda na kurudi.

"Nikiandika mstari mmoja," Kitinda akasema hatimaye, "kila jioni iambiwe thelathini na nane, mama atatoka mle ndani."

"Atatoka. Kazi ya dakika moja." Mama Waya hakumtazama. "Ila ujue, hapo si dada yako atakayekuwa anasema. Ni wewe, kwa mdomo wake."

Kitinda aliutazama ule mstari wake wa majaribio kwa muda mrefu. Akaifuta thelathini na nane. Mahali pake akaweka kile kinachosomwa na kipimajoto chenyewe. Kama chumba hakitapata joto, dada hatasema kitu.

Alifika nyumbani mabati yakiwa yameanza kulia. Akaingia chumbani, akaiweka programu kwenye kompyuta, akatoka. Mama alikuwa uani anapepea jiko, makaa yanang'aa.

"Mama, naomba uliache hilo jiko."

"Mwenzio ataita sasa hivi."

"Si yeye anayeita."

"Unadhani sijui?" Mama hakuacha kupepea. "Sijawa mwehu, Kitinda. Macho yake niliyafumba kwa mkono huu. Najua ni mashine. Lakini inaita mama. Kuna mama mwingine nyumba hii?"

Kitinda alichuchumaa mbele ya jiko. Kisha akasema, "Alikuachia neno la pili."

Mkono wa kupepea ukasimama.

"Neno gani?"

"Siwezi kulisema mimi. Litatoka mle ndani, chumba kikipata joto la kutosha. Lakini si kwa mkaa, mama. Ukizimia humo, nani atalisikia?"

Mama alimtazama, akatafuta mzaha usoni, hakuuona. Akamwaga majivu juu ya makaa. Kitinda akaivuta ndoo kutoka chini ya kitanda. Mama akazitoa balbu moja moja, akizifuta vumbi kwa ncha ya nguo yake.

"Hizi ndizo zilizokuwa uani."

"Ndizo."

"Kumbe sisi tulikaa mwangani," mama akasema, "yeye tukamwacha gizani."

Wakazirudisha. Chumba kikawaka rangi ya kiini cha yai, buibui akatoka kwenye trei akakimbilia darini. "Mama, nasikia baridi," sauti ikasema, na mama akaijibu bila kugeuka, "Vumilia, mama. Chumba kinapata joto sasa." Wakasimama, mama ndani karibu na rafu, Kitinda kwenye kizingiti. Mng'aro wa balbu uliwapiga nyusoni. Harufu ya manyoya ya zamani ikaamka mbaoni. Sauti ya baridi iliita tena, kisha ikaacha kuita, na ukimya ulioifuata ulikuwa mrefu kiasi kwamba Kitinda alianza kuhofu ameukosea ule mstari.

Ndipo pumzi ikasikika.

"Mama, joto limetosha. Nenda kalale."

Mama akaziba mdomo kwa shali. Lakini haikuishia hapo. Palikuwa na kile ambacho Kitinda alikikimbia mchana. Nyuma ya sauti, mbali, mfuniko ulianguka jikoni, na mama, mama wa siku zile, mwenye sauti nene ya kushiba, akapaza: "Unaongea na nani huko?" Kikafuata kicheko. "Na mashine!" Halafu kwa sauti ya chini, karibu:

"Na wewe Kitinda, toka hapo mlangoni. Nimekuona."

Spika ikakatika.

Kitinda alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa umelainika pale aliposhika, na alijua ni nani aliyeulainisha, siku baada ya siku, akichungulia.

Mama akaikunja shali, akaiweka juu ya rafu, kando ya kompyuta. Alipopita, alimgusa Kitinda begani.

"Mimi nimeambiwa nikalale," akasema. "Na wewe umesikia ulichoambiwa."

Jumamosi baba mdogo alifika na nyundo. Kitinda akamwekea kidole mdomoni: mama alikuwa bado amelala, kitandani mwake, jua limeshapanda. Akampa trei zilizolegea na kopo la misumari, maana mayai yangeletwa wiki iliyofuata. Baba mdogo akaanza kugonga akinung'unika. Katikati ya msumari akasimama, nyundo hewani, akatazama rafu, kwa sababu chumba kilikuwa kimepata joto na kulikuwa na mtu anavuta pumzi.

Kitinda, kwenye mwimo, hakungoja kuambiwa. Alikuwa amekwisha kutoka mlangoni, ameingia ndani.