Pasi Aliyoionea Aibu Damiano

Nilimwagiza mume wangu kitu kimoja tu Tunduma: pasi ndogo. Nikamwonyesha kwa kiganja, isizidi hapa, ncha iwe nyembamba, iweze kuzama ndani ya mkono wa blauzi. Jioni Damiano akashuka kwenye gari na boksi ambalo ungedhani kanunua jiko. Ndani, pasi ya mvuke, pana, nzito, yenye tangi la maji.

"Mama Angel," akasema, "nipande gari na kipasi kile, watu wote wananijua, si wangesema nimenunua cha kuchezea watoto?"

Nilikasirika mpaka ugali ukanishinda. Mwanamume wa hapa Isansa akienda mpakani lazima arudi na kitu cha kuonekana, sawa, lakini aonekane kwa mgongo wangu?

Na kazi yenyewe ilikuwa inaniponyoka. Kwaya ilinipa sare arobaini za Pasaka. Blauzi ya kwanza, ile ya mfano, mzee Abrahamu, mwenyekiti wa kamati, aliirudisha: mabega yamevimba, mishono ya mikono imejikunja. Alikuwa na haki. Mshono ukishashonwa hufunguliwa kwa pasi, ulale huku na huku, ndipo ushone mwingine juu yake. Pasi yangu ya zamani haikuingia ndani ya mkono. Kila nilipoufungua mshono huku, ilipiga kunjo kule. Kamati ikanipa mpaka Jumamosi. Blauzi ya pili ikikataliwa, sare zote zinakwenda kwa fundi wa Vwawa.

Kesho yake nikaenda Tunduma mwenyewe, na boksi, na Damiano, na mkono mmoja niliofumua kwenye ile blauzi iliyorudishwa.

Muuzaji aliyemuuzia ile kubwa, Gwamaka, hakuniangalia kabisa. Nilipouliza pasi ndogo, akamjibu Damiano.

"Mzee, hizi ndogo ni za wanafunzi wa bweni. Kubwa inamaliza kazi haraka."

Damiano akaitikia kwa kichwa. Wanaume wawili ambao hawajawahi kutunga uzi kwenye sindano wananichagulia kifaa, nami nimesimama pale pale.

"Anayeshona ni mimi," nikasema. "Niambie mimi."

"Sawa, mama. Lakini kujaribu ni mpaka ununue."

Nikaweka boksi katikati ya mlango, nikakaa juu yake. Wateja wawili wakanizunguka, wa tatu akaghairi. Gwamaka akachomeka pasi.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi mno, ilinibidi niikandamize, na matundu yake ya mvuke yakaacha alama kwenye kitambaa. Ya pili ilikuwa na mpini wa mbao na uso laini usio na tundu hata moja, ndogo kuliko zote dukani. Nikaipitisha ndani ya mkono. Ncha ikafuata mshono mpaka begani, ukafunguka, ukalala. Nje hapakuwa na kunjo hata moja. Nikamwonyesha Damiano, akaangalia pembeni. Gwamaka akakubali tubadilishane, akairudisha ile kubwa rafuni, na njia nzima nikambebesha mume wangu ile ndogo mkononi, bila boksi, kila abiria aione.

Jumamosi kamati ikaja. Mzee Abrahamu akaigeuza blauzi mpya ndani nje, akapitisha kidole bega la kushoto, akapitisha la kulia.

"Hii tunaipokea," akasema. "Shona zilizobaki."

Nikashusha pumzi. Kisha akamgeukia Damiano, akampa mkono.

"Hongera sana, Baba Angel. Watu walikuona nayo garini. Kumbe ulipomchagulia mama pasi nzuri, kazi imenyooka."

Na Damiano, Mungu anamwona, akaupokea ule mkono.

"Tunajitahidi, mzee."

Kichwa kikanichemka. Nikaichomeka pasi, nikavuta meza, nikamshikisha mume wangu mpini mbele ya kamati nzima.

"Zimebaki blauzi thelathini na tisa," nikamwambia. "Mikono sabini na minane. Pasi umechagua wewe, basi piga."

Wanakamati wakacheka, wakadhani ni utani. Mimi nikakaa kwenye cherehani, nikaanza kumshonea mkono wa kwanza wa kupiga pasi.