Mkate Mbele ya Wakwe

Kamaliza hakuwa mwanamke wa kutishwa na unga. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na mmoja sasa, akichunga ng'ombe wa marehemu mumewe juu ya mlima wa Karuba, na siku moja alimfukuza karani wa kodi kwa fimbo ya kuchungia mpaka karani akaacha kiatu kwenye matope. Lakini mwaka ule wa hamsini na tatu, wiki tatu kabla ya wakwe kufika, donge dogo la unga wa ngano lilimtoa jasho ambalo hata yule karani hakuwahi kumtoa.

Chanzo chake kilikuwa mapenzi, kama kawaida. Binti yake wa pekee, Libérata, alikuwa amependana na Semana, kijana mpole mwenye miguu mirefu kutoka Burungu. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuwa baba yake Semana. Mzee Karangwa alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe, mwaka wa tisa sasa, na tangu avalishwe aproni nyeupe alikuwa hashikiki. Kila Jumapili misa ikiisha alisimama nje ya kapela akiwaeleza watu habari za mkate: unavyoumuka, unavyonukia, na jinsi walaji wa viazi na maharage wasivyojua wanachokosa duniani. Ukimsikiliza ungedhani hata Bwana Yesu, kabla ya karamu ile ya mwisho, alituma mtu kwake kuagiza.

Mtu huyo alipoulizwa sokoni kuhusu posa ya mwanawe, alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Kwa Kamaliza? Tukienda kule atatupatia nini, viazi?"

Maneno hayo yalipanda mlima wa Karuba kabla ya jua kuzama. Libérata alilia siku mbili juu ya maziwa aliyokuwa akisuka, na siagi ya wiki ile ilitoka na chumvi yake kabisa. Kisha Semana akatuma ujumbe. Baba atakuja, kwa sababu padri amemsukuma. Lakini ameapa kwamba akikuta nyumba ya washamba atakunywa funda moja la adabu, atachukua fimbo yake, atarudi Burungu bila kutamka maneno ya kuomba mke. Na maneno hayo yasipotamkwa siku ile, posa imekufa, hakuna wa kuifufua.

"Mkate atauona," alisema Kamaliza. "Akitaka ataubeba kichwani."

Basi akashuka soko la Sake na siagi yake, akaibadilisha kwa unga wa ngano. Mwalimu wake alikuwa Mukasine, mlimaji wa bondeni, rafiki yake tangu ubatizo, ambaye zamani alifagia uwanja wa masista kwa miaka miwili.

"Niliona yote mu dirisha ya jiko," alisema Mukasine. "Banaipiga, banailalisha, banaitia mu moto."

"Na mbele ya kuipiga, banatia nini ndani?"

Mukasine alikohoa. Dirisha la masista lilikuwa juu sana. Alichokuwa ameona kwa miaka miwili ni mabega ya sista yakipanda na kushuka.

Wakapiga. Unga, maji, chumvi. Wakaulalisha, kwa maana ya kuuacha kwenye ungo huku wenyewe wakizungumza. Wakautia ndani ya chungu, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Kilichotoka kilikuwa kigumu kiasi kwamba Kamaliza alikigonga na mwiko na mwiko ukapasuka. Akamtupia mbwa. Mbwa akakichukua kwa heshima zote, akazunguka nacho nyumba mara mbili, kisha akaenda kukizika.

"Haikuvimba," alisema Mukasine.

"Nina macho. Kitu gani kinavimbaka?"

Wakakaa wakafikiri. Ng'ombe aliyekufa juzi huvimba. Mguu ulioumwa na nyoka huvimba. Karangwa huvimba. Na kasiksi, pombe ya ndizi, ikiwa katika chombo chake huvimba na kutoa povu. Baada ya kupima yote hayo, wakachagua kasiksi.

Sasa hapo ndipo akili ilipowapeleka mbali. Kwa kuwa mashapo ya kasiksi ndiyo yaliyoingia ndani ya unga, walisema huyu sasa ni mtoto wa kasiksi, na mtoto wa kasiksi hulelewa kama kasiksi, ambayo ndizi zake huzikwa kwanza ziive. Wakachimba shimo nyuma ya zizi. Wakalitandika majani ya ndizi aliyoyabeba Mukasine kutoka kwake, wakaupasha udongo moto, wakaulaza unga humo, wakafukia, wakaweka jiwe juu. Siku tatu. Kamaliza hata alimkataza shemeji yake Mbonigaba asipite karibu, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amegombana na mkewe, na pombe haipendi mtu wa ugomvi.

Siku ya tatu udongo ulikuwa umepasuka na jiwe limeinama upande. Unga ulikuwa umetambaa nje wenyewe, una majani mwilini na mdudu mmoja aliyeonekana amelewa. Wakaupika hivyo hivyo, maana unga wa Sake hautupwi. Mukasine alionja, akafumba jicho moja, akalifungua polepole.

"Hii haiko mukate," alisema. "Hii iko kitubio."

Kamaliza hakucheka. Alikaa juu ya kinu, magoti yamejaa unga, akaona binti yake akipita na kibuyu cha maziwa bila kumtazama, macho mekundu. Zilibaki siku sita. Aliogopa, na alikasirika kwa sababu alikuwa anaogopa mtu wa aproni.

Ni kibuyu kile kilichomwokoa. Alijiambia: mimi pombe naijua kwa kuinywa tu, lakini maziwa nayajua kwa mikono. Maziwa hayazikwi. Maziwa ya kugandisha huwekwa karibu na moto, si sana, na mwenye mikono hayahesabii siku, huyagusa akajua. Kesho yake akatia mashapo kijiko kimoja tu. Akaukanda unga kwa mikono ile ile ya kusuka siagi, akaukanda mpaka ukawa laini kama sikio la ndama. Akaufunika kwa kitenge chake cha Pasaka, akauweka pembeni ya mafiga baada ya kukamua asubuhi. Kila alipopita aliugusa. Jua lilipofika kichwani, kitenge kilikuwa kimeinuka.

Akampigia Mukasine kelele kutoka mlimani. Mukasine akapanda mbio na jembe mkononi, akidhani mtu amekufa. Mkate uliotoka mchana ule ulikuwa umekaa upande na ubavu mmoja umeungua, lakini ulikuwa umevimba, na ndani una vitundu. Wakala nusu wamesimama. Kamaliza alilia kwa furaha, akasema ni moshi, na Mukasine kwa urafiki akakubali kwamba ni moshi.

Siku ya wakwe ikafika. Karangwa aliingia na wazee wawili na Semana, koti limepigwa pasi, fimbo mkononi, macho yakipima nyumba kuanzia mlangoni mpaka darini. Mbonigaba, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba, alionja kasiksi kwanza kama mwenyeji, kisha akasogeza kibuyu na mirija. Karangwa akavuta funda moja. Funda la adabu. Akafuta masharubu.

Hapo Kamaliza akatokea nyuma ya pazia la matete, ungo mikononi, juu yake mkate mzima, mzuri kuliko yote aliyowahi kuoka. Akauweka katikati.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee mmoja akaanza kusoma majani ya dari. Mwingine akatazama vidole vyake vya miguu. Mbonigaba alifumba macho kama mtu anayengoja jino ling'olewe.

Ndipo Kamaliza akakumbuka. Mkwe hali chakula mbele ya mkwe. Kunywa, ndiyo, hata mpaka jioni. Kutafuna, kamwe, mtu mzima mwenye ng'ombe zake haonekani akitafuna nyumbani mwa watu anaowaomba mtoto. Alilijua jambo hilo kama jina lake. Mama yake alimfundisha, naye alimfundisha Libérata. Lakini wiki tatu nzima aliwaza namna ya kuuvimbisha mkate, asiwaze hata mara moja nani ataula.

Karangwa alikuwa amekwama vibaya. Akila, ni aibu yake mbele ya wazee wake. Asipokula, amemtukana mwenye nyumba, na yeye ndiye aliyejipiga kifua kwa mikate miaka yote. Kwa hiyo alifanya kilichokuwa rahisi zaidi. Mkono ukaanza kuitafuta fimbo. Nyuma ya matete, Libérata aliuona mkono ule.

"Papa Semana," alisema Kamaliza, na mwanamke hakutakiwa kusema. "Hii haiko chakula."

"Iko nini?"

"Iko kasiksi. Ndani nilitia kasiksi, ikavimba, ikakauka. Hii njo kasiksi ya kusimama."

Mbonigaba, ambaye watu walizoea kusema hana akili ya haraka, akafungua macho. Akakata kipande, akakitia kinywani kama mwenyeji anayeonja pombe kabla ya wageni, akatafuna mbele ya ulimwengu wote.

"Njo yenyewe," alisema. "Iko kali kidogo."

Karangwa aliiacha fimbo. Akauinua mkate, akaugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaunusa kwenye kiuno na kwenye kichwa. Kila mtu aliona kwamba huyu kweli ni fundi, na Kamaliza akakaza meno kungoja matusi. Mzee akamega kidogo, akatia kinywani.

Alitafuna polepole. Kisha akaacha kutafuna, na macho yake yakajaa maji. Kamaliza akadhani ni kipande cha mkaa.

"Chumvi imepita?"

"Sijue," alisema Karangwa.

"Weye mupishi, unakosa kujua namna gani?"

Karangwa aliwatazama wazee wake, akamtazama mwanawe, kisha akatazama chini.

"Madamu ya muzungu anapimaka mukate na uzi, halafu anaifungia mu kabati," alisema. "Hata ukoko ni ya mbwa. Mwaka ya kenda napika, kila siku. Leo njo naonja."

Kamaliza alikuwa na maneno yake tayari, wiki tatu akiyanoa, mengine mazuri sana, yote kuhusu viazi. Akayatafuta kinywani asiyaone. Alimhurumia mtu huyu, na ilimkera kumhurumia. Semana alikuwa akimtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana.

Karangwa akamega kipande kingine, safari hii kikubwa kama ngumi, akakisukuma chote kinywani. Kisha akasimama. Maneno ya kuomba mke husemwa kwa kinywa safi, kofia mkononi, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Yeye aliyaanza mashavu yamejaa, makombo yakimwanguka kwenye koti la pasi, machozi yakiingia katika masharubu: wamekuja, wameona nyumba, wanaomba mutoto.

Mbonigaba akainua kidole kumwambia ameze kwanza. Kamaliza akamshika mkono shemeji yake, akaushusha.

"Mwache," alisema. "Aombe vile vile."