Mlango wa Fundi Vitasa

Siku ile ukumbi wa kata ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Nyuma ya ofisi kulikuwa na vyumba sita vilivyokuwa stoo ya viti vibovu. Vilikuwa vimeezekwa upya na kupakwa chokaa, wapewe wasio na makazi. Vitano vilishapata watu. Kilibaki cha sita, na mimi nilimtakia Fundi Vitasa.

Huyo hakuna mlango mtaani kwetu asioujua. Kitasa kikigoma, ufunguo ukikatikia ndani, ni yeye na tupa yake na kichupa cha mafuta. Lakini tangu mkewe afariki na mwenye nyumba auze, jioni anatandika turubai kwenye baraza ya ukumbi huo huo, na asubuhi anaifagia kabla ofisi haijafunguliwa.

Mwenye duka la mbao akasimama. "Sina ugomvi na fundi. Ila vyumba tuwape wenye familia. Yeye ni mtu mmoja, hata chini ya meza anaenea."

"Na wewe uko mmoja, mbona una vyumba vinne?" akauliza mkwe wangu, mke wa mwanangu.

"Shemeji, vyangu vina mbao."

"Basi mbao zimelala ndani, mtu kalala nje."

Watu wakacheka, na mwenye mbao naye akacheka, akakaa.

Katibu wa kata, kijana mpole mwenye miwani, akasema familia zilizoomba zote zimeshapata. Shida ni kanuni. Mwombaji aonyeshe karatasi yenye mhuri kwamba ameishi hapa mwaka mzima, na leo ndiyo siku ya mwisho. Kikikosa mtu, chumba kinarudi kuwa stoo.

"Fundi, huna hata bili ya maji?"

Fundi akakuna shingo. "Maji nakinga kwenye bomba lenu, mwanangu."

Mimi nimesoma darasa la saba tu, mambo ya kanuni siyajui, lakini lile neno mhuri lilinigonga. Nikasimama, magoti yakalalamika.

"Kitendawili."

Ukumbi mzima ukaitika, "Tega."

"Naingia nyumba zote, yangu sina."

"Ufunguo!" Hao walikuwa watoto wa dirishani.

"Mmepata. Na mimi ninao." Nikafungua pindo la nguo yangu, nikatoa ufunguo wa akiba alionichongea fundi. Ulikuwa bado kwenye karatasi aliyoufungia, nami sikuwahi kuitupa kwa sababu ufunguo mtupu hutoboa nguo. "Bibi yenu macho hayaoni vizuri, lakini hapa chini naona duara la bluu. Mkwe wangu, hebu tusomee."

Mkwe wangu akainyoosha gotini. "Kwa mkazi wa baraza ya ukumbi wa kata. Unatakiwa kuhama ndani ya siku saba." Akatafuta tarehe. "Mwaka juzi. Ina mhuri na saini."

Katibu akaichukua, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Saini ni yangu," akasema polepole. "Nilimwandikia mara tatu."

"Karatasi nzuri, nzito," fundi akasema. "Nimefungia funguo za mtaa mzima."

Mwenye mbao alikuwa anapekua pochi yake. Akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. "Ninayo ya mwaka jana," akasema bila kumtazama mtu. "Mkazi wa baraza, ndivyo imeandikwa. Katibu, ofisi yako imemtambua miaka miwili."

Katibu akavua miwani, akaifuta, akacheka peke yake. Kisha akauliza anayekubali anyooshe mkono. Sikuona mkono uliobaki chini.

Juma lililofuata nilimpelekea mkeka. Mlango wa chumba cha sita ulikuwa umefungwa, kitasa kipya kinang'aa, kimepakwa mafuta hadi yanachuruzika.

"Hodi," nikasema.

Nikasikia kiti kikisogea, lakini hakuitika. Nikakumbuka kwamba barazani hakuna anayepiga hodi. Watu humruka tu.

"Hodi, baba."

"Nani?" akauliza, sauti imejaa kicheko. Alijua ni mimi, mbona dirisha lilikuwa wazi. Nikamwacha aulize tena.