Mama Ruthu Sasa Anacheka

Picha yangu imezunguka nchi nzima kabla mimi mwenyewe sijafika hata Morogoro. Naambiwa mpaka Mwanza ilionekana. Nimeshika ndoo chini ya bomba, maji yanamwagika, meno yote nje, na chini pameandikwa: "Mama Ruthu sasa anacheka." Na hiyo simu ya kupangusa mimi sina. Ninayo ya tochi, betri nimeifunga na mpira.

Nianze na bomba lenyewe. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Mlali, pampu ya kisima ilikufa mwaka 2014. Tangu hapo ikawa ni kuchimba mchanga wa korongo, unakaa na kikombe unasubiri maji yajikusanye, na ng'ombe naye amesimama nyuma yako anasubiri zamu. Lea, mke wa mwanangu, alijifungua mapacha, na maji ya kuwaogeshea niliyafuata mimi, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Ofisi ya maji ilituahidi pampu mpya. Ilikuwepo moja tu, na sisi tulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, jina la kijiji nililiona kwa macho yangu haya.

Ukaingia mwaka wa uchaguzi, na Filipo akautaka udiwani. Filipo ni Mkaguru wa hapahapa Mlali, ana duka la mabati Dodoma mjini. Siku hizo wagombea walikuwa wameaminishwa kwamba kura ziko kwenye simu, kwa hiyo kuja kutusikiliza ilikuwa ni kupoteza muda. Akamchukua Nasri, mwenye studio ya picha mjini, mtu mzima mwenye ndevu za hina, wakaja na pikapu na pipa la maji.

Nasri akapitisha mpira kwa nyuma, akauchomeka kwenye bomba letu. Nilipouliza akasema wanajaribu mabomba kama yako sawa. Bomba likakohoa, likatoa maji meupe. Basi nikacheka. Nisidanganye, hakuna aliyenifundisha kucheka. Tangu pampu ife sikuwa nimeona maji yakija yenyewe, nikanawa uso, nikawaita wenzangu, nikamwita Lea alete watoto, Nasri naye anapiga picha tu. Hata Lea hajafika, pipa likaisha. Wakakunja mpira wao wakaondoka, na mimi nikakaa palepale kwenye tope nikalia kwa hasira.

Wiki iliyofuata nikaenda ofisi ya maji kuulizia pampu. Mhandisi, kijana mwenye adabu zake, akanipa shikamoo na kiti, kisha akafungua simu akanionyesha nilivyocheka. Akasema pampu imepangiwa kijiji kingine, itaondoka Jumatatu, kwa sababu sisi tunayo maji, na maji yetu yana laiki elfu mbili. Nikamwambia twende ukafungue bomba mwenyewe. Akasema gari halina mafuta, ila picha ipo. Nikamuuliza nani anayajua zaidi maji ya kwetu, mimi mwenye ndoo au hiyo simu. Jamani, mtoto wa watu akaiangalia simu tena kabla ya kunijibu.

Nikarudi nimechoka mwili na roho. Nilimtafuta Filipo, nikaambiwa yuko mtandaoni. Sijui njia ya kwenda huko.

Alhamisi mjomba wake Filipo, Mzee Batholomeo, akafariki. Alikuwa mtu mwema, ila bahili wa ugoro. Sasa, sisi Wagogo na Wakaguru ni watani tangu mababu. Msiba wao ukitokea, sisi ndio tunaochimba kaburi na kusomba maji, na ni sisi tunaovuruga. Mtani atavaa koti la marehemu, atamsema, akitaka atalala njiani jeneza lisipite mpaka apewe anachodai. Huruhusiwi kumkasirikia wala kumfukuza. Filipo haya anayajua tangu anazaliwa. Lakini siku nyingi alizokaa na ile simu zilimsahaulisha jambo moja: mtani wa ukoo wake ni mimi.

Jumamosi akaja na Nasri wake. Tangu asubuhi walikuwa wametangaza kwamba mazishi yataonyeshwa laivu, watu waone mgombea anavyozika wazee. Mimi nikavaa koti la marehemu, nikapita nachechemea kama yeye, nikiwanyima waombolezaji ugoro mmoja mmoja. Mjane mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka. Nasri akaufurahia utamaduni, akanifuata na simu kila nilipokwenda. Jeneza lilipoinuliwa, nikachukua ndoo yangu, nikajilaza chali katikati ya njia, ndoo tumboni.

"Mtani," nikamwambia Filipo, "nenda kaijaze hii kwenye bomba la picha, mjomba wako apite."

Akacheka kicheko cha kampeni, akatoa noti ya elfu kumi akanipa. Nikaipokea, nikaitia kwenye mfuko wa koti.

"Hii ni ya ugoro wa marehemu," nikasema. "Ndoo bado tupu."

Filipo akamkonyeza Nasri azime. Nasri akamsogelea akamnong'oneza, na mimi niliyelala chini yao nikasikia kila kitu: watazamaji walikuwa wamefika elfu moja na mia tatu, na hotuba zake zote hazijawahi kuvuka arobaini. Filipo akakiangalia kioo cha simu. Nilimwona akihesabu kichwani. Hakusema tena izimwe.

Wabeba jeneza wakaanza kuhema. Mzee Sila, msemaji wa ukoo wao, akasema jua linapanda, na mtani haburutwi, apewe anachotaka marehemu akapumzike. Filipo akajifuta jasho.

"Bomba halitoi maji," akasema.

Nikamwambia simu haijasikia.

"Bomba halitoi maji. Yale ya kwenye picha tulikuja nayo kwenye pipa."

Nikainuka, nikajikung'uta vumbi, nikampa mkono wa pole. Pole ya kweli, kwa maana mjomba wake alimpenda.

Jumatatu asubuhi nikasikia gari. Mhandisi huyo, na pampu juu, mafuta sijui aliyapata wapi. Akanipa shikamoo akiangalia chini, akasema aliona laivu. Nikamwambia karibu, bomba lile pale, alifungue kwanza kwa mkono wake. Alifungua, likatoa upepo, akaenda kushusha pampu. Jumatano maji yakatoka. Lea aliwaogesha mapacha mara mbili siku hiyo, mara ya pili bila sababu yoyote.

Na Filipo? Kashinda! Kumbe watu wa mtandaoni walisambaza kipande chake cha mazishi wakisema hawajawahi kuona mgombea msema kweli namna ile. Wakampa jina, Filipo Mkweli. Niliposikia nilitukana, nikaomba Mungu anisamehe, nikatukana tena.

Mwezi uliofuata Nasri akarudi na simu kubwa kuliko ile ya kwanza, ametumwa na Mheshimiwa Diwani. Anataka nisimame pale bombani nicheke, waandike kwamba ahadi imetimizwa. Nikamwambia atumie ile ya zamani, maana ile nilicheka kweli. Akasema haiwezekani, watu wanajua yale yalikuwa maji ya pipa. Basi, nikamwambia, huyo aliyeyaleta ndiye akacheke. Na asogee kidogo, amesimama kwenye foleni ya ndoo.